Chumba Kisicho na Pazia

Simu ilinikuta na brashi mkononi. Alikuwa Shija, mdogo wake Kulwa, naye hakuzunguka. "Dada Vero, Kulwa ametutoka. Alfajiri ya leo." Nikasema pole, nikasema Mungu ampumzishe, nikasema nakuja, na maneno yote hayo yalitoka yenyewe, maana mtu wa umri wangu ameshayasema mara nyingi mno hata hayahitaji kuyafikiria. Nilipokata simu nilibaki nikiitazama picha iliyokuwa mbele yangu. Ilikuwa picha ya chumba. Mimi nachora vyumba, sijawahi kuchora kitu kingine kikaeleweka. Na wazo la kwanza kunijia, kabla hata ya machozi, lilikuwa la kichoyo, lakini ndilo lililokuja: sasa nani ataniambia nimekosea?

Kazi yangu inaelezeka upesi. Nachora nyumba moja. Ni nyumba ya Mama Kulwa, pale Isevya, Tabora, nilikoishi mwaka mmoja nikiwa msichana wa kozi ya ushonaji, nyumba ambayo ilibomolewa zamani na kujengwa nyingine juu yake. Nimeichora kwa rangi za mafuta na za maji, nimeichora kwa mkaa, na wakati wa ukata nimeichora hata kwa rangi za kupakia milango. Wanunuzi wangu ni watu wa mjini wenye makochi ya ngozi. Husimama mbele ya chumba changu chenye meza ya mninga na chungu kwenye mafiga, wakajishika kifua, wakasema, "Jamani, kwa bibi!" Bibi zao hawakuikanyaga Tabora, na wengi wao ukiwarudisha kwa bibi huyo siku moja tu watalilia choo cha kuvuta. Lakini hayo matamanio yao ndiyo yaliyonilisha miaka yote hii, kwa hiyo sina haki ya kuwacheka sana. Mtu ambaye sikuweza kumdanganya alikuwa Kulwa. Kila picha niliyomaliza nilimtumia kwenye simu ya mjukuu wake, na kabla sijaketi anapiga. "Vero, stuli umeiweka mlangoni. Stuli ilikaa chini ya dirisha, mama hakutaka iguswe." Namwambia nilikuwa naikalia mimi, mlangoni, kila jioni. "Uliikalia chini ya dirisha, ukajikwaa ukiinuka, ukamwaga mboga. Na hilo kopo la dirishani umelitia maua? Maua ya nani? Lile kopo la sabuni, na sabuni yenyewe haikuwemo." Tulikuwa tunagombana mpaka salio linakwisha. Mara nyingine alishinda yeye nikaufuta ukuta mzima, mara nyingine nilishinda mimi, na siku nyingi hakushinda mtu. Nyumba iliyobomolewa haina pa kuishi tena isipokuwa katika ubishi wa watu walioijua, na sisi tulikuwa tumebaki wawili.

Nilipanda treni Morogoro. Wajukuu walitaka nipande basi, kwamba ni haraka, lakini maiti hangojei na mimi nilikwishajua sitawahi mazishi, basi haraka ya nini. Nilitaka nipite Tura. Ni kijiji cha stesheni, kabla ya kuingia Tabora ukitokea mashariki, na treni ilisimama pale asubuhi kama inavyosimama siku zote, wanawake wakakimbilia madirishani na asali ya chupa, uyoga uliokaushwa, kuku wamening'inizwa miguu juu. Nilitazama nyuma yao, upande wa porini, nikitafuta mahali ambapo nyumba ya mama yake Baba Kulwa ingekuwa imesimama. Sikuwahi kushuka Tura maishani mwangu. Nyumba yenyewe iliachwa watu walipohamishiwa kijijini, mchwa wakaimaliza. Hata hivyo kuna wakati niliijua nyumba ile chumba kwa chumba, na kumbe, kama nitakavyoeleza, sikuijua hata kidogo.

Kwa nini nilipelekwa Tabora ni habari ya kwetu na haina kazi hapa. Nilifika na sanduku la bati na cherehani ya mkono, nikabisha, na mwanamke mfupi mwenye unga mpaka viwikoni akanifungulia akisema, "Mwangaluka, mwanangu," kama kwamba dunia nzima inaamka kwa Kinyamwezi, nami nikajibu shikamoo, naye akacheka akaitika marahaba. Huyo alikuwa Mama Kulwa. Alizaa mapacha, Kulwa na Doto. Doto alikufa mchanga akabaki Kulwa, msichana wa rika langu, mrefu, mwenye ulimi. Aliyefuata nyuma yao aliitwa Shija, kama anavyoitwa kwao kila mtoto anayewafuata mapacha, naye mwaka ule alikuwa bado ni mtoto wa kubebwa akichoka. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi na mabati yenye kutu. Kulikuwa na vyumba viwili vidogo nyuma, kimoja kinavuja kabisa, na mbele chumba kimoja kikubwa ambamo kila kitu kilifanyika. Meza ya mninga ilikuwa humo, na viti viwili, kimoja kina mguu mfupi. Masika tulipika humohumo, moshi ukatafuta njia yake mwenyewe. Harufu ya chumba kile ilikuwa moshi, karanga zilizokaangwa, na dawa.

Dawa, kwa sababu chumba kile kilikatwa na pazia. Lilikuwa la marekani, kile kitambaa kizito cha zamani, Mama Kulwa alikuwa amelichemsha na maganda ya mti likawa rangi ya chai. Lilitoka ukutani mpaka ukutani kwenye kamba ya katani, na nyuma yake alilala Baba Kulwa. Alikuwa amefanya kazi miaka kwenye mabani ya Urambo, yale majengo ya kukaushia tumbaku, kuchochea moto na kulala katika ule moshi, mpaka kifua kikamkataa. Walimleta nyumbani kabla sijafika. Chumba chao cha nyuma ndicho kilichovuja, na mwenyewe hakutaka kulazwa peke yake. Alitaka asikie watu wakila. Kwa hiyo alikuwa pamoja nasi na hakuwa pamoja nasi. Tulikula ugali wa muhogo na mlenda, tukala nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, tukala matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa chai isiyo na sukari kwa sababu sukari ilikuwa haipatikani mwaka ule, na kila tulichokula Mama Kulwa alikitangaza kwa sauti kuelekea pazia. "Leo nsansa, Baba Kulwa! Karanga za kutosha!" Na nyuma ya pazia sauti inajibu, "Nasikia harufu. Chumvi imepungua." Ilikuwa kweli. Chumvi siku zote ilikuwa imepungua.

Ninapoandika haya naogopa kidogo, maana naona nimeanza kupamba. Sina hakika kwamba alisema hivyo kuhusu chumvi zaidi ya mara moja. Kulwa angejua. Hivi ndivyo ilivyo sasa: naandika sentensi, nanyamaza kungoja simu iite, haiiti, na sentensi inabaki kama nilivyoiandika. Watu hudhani kukumbuka ni kazi ya kichwa. Kwangu ilikuwa kazi ya kukatazwa, na aliyekuwa ananikataza amelala makaburini, na mimi nimebaki na ruhusa ya kusema lolote. Sijawahi kuwa na kitu kinachonitisha namna hiyo.

Alasiri Kulwa na mimi tulikaa tukichambua maharage, na nyuma ya pazia tulisikia kazi ikiendelea. Mama Kulwa alikuwa anamchorea mumewe. Baba Kulwa alikuwa ameomba aione nyumba ya mama yake mara moja kabla hajafa, alisema hivyohivyo, bila kuzunguka. Na kwa kuwa nyumba haikuwepo, mkewe alikwenda mbugani akaleta udongo mweupe, akachimba mwekundu kwenye kichuguu, akakwangua masizi chini ya chungu, akatafuna kijiti cha mswaki mpaka ncha ikawa laini, akaanza kuichora kwenye ukuta wa kitandani. Hakuwa mchoraji. Kule kwao wanawake walizoea kuipamba nyumba kwa udongo, mistari na vidoti, basi. Hakuwahi kuiona nyumba ya Tura ikiwa nyumba. Alichora kwa kuambiwa.

"Mlango usogeze," tulisikia. "Mlango wa mama ulitazama reli."

"Reli iko wapi sasa?"

"Kule kwenye mto wangu wa kulalia."

"Basi nimeusogeza. Kihenge?"

"Kihenge ndani, upande wa kulia. Hapana, hicho kidogo. Mama yangu alilima, Mama Kulwa. Usimfanye mvivu."

"Mimi nimekikuta kihenge chenu? Mimi nimekuta kichuguu!"

"Ndiyo maana nakwambia kipanue."

Tulikuwa tunacheka hata maharage yanatumwagika. Kesho yake anakumbuka vingine, Mama Kulwa analowesha kitambaa anafuta, anachora upya. Chumba cha wageni kiliongezeka. Jiwe la kusagia lilihamishwa likazunguka nyumba nzima. Nilipokuwa naingia kumpelekea uji niliuona ukuta ule, mweupe na mwekundu na mweusi, vyumba vitatu vikiwa wazi kama mtu amevikata kwa kisu, chungu kwenye mafiga, kirago, mbuzi wawili mlangoni, na Baba Kulwa amelala ubavu akiutazama kwa macho ya mtu aliyefika. Kila nilichofanya baadaye kwa brashi nilikitoa pale. Nimeulizwa na waandishi wa magazeti nilisomea wapi uchoraji, nikawajibu upuuzi wa namna mbalimbali, maana jibu lenyewe lilikuwa refu na lilikuwa na harufu ya mkojo na dawa.

Na kulikuwa na habari ya mayai. Mganga wa zahanati alisema mgonjwa apewe mayai, na nyumba ile ilikuwa na kuku mmoja tu wa kutegemewa. Yai lilipopatikana lilichemshwa likapelekwa nyuma ya pazia kwenye kisahani cha bluu, sisi tukitazama pembeni kwa adabu, maana hakuna kati yetu aliyepewa yai mwaka ule. Kisahani kilirudi kitupu. Mama Kulwa alikuwa anakishika juu kama kombe. "Leo amemaliza! Mnaona? Amemaliza!" Siku kama hizo uso wake ulikuwa unakuwa wa msichana. Mimi na Kulwa tulijua kilichokuwa kinatokea kwa sababu tulikaa chini na pazia halikufika sakafuni. Tuliona miguu miwili midogo, yenye vumbi, ikitambaa chini ya kitanda. Tulisikia ganda likimenywa taratibu, na Baba Kulwa akinong'ona kwa lugha ya kwao, ale polepole, asikohoe, asimwambie mama. Shija alikula mayai yote ya baba yake. Baba mtu hakuweza tena kumeza, na alichobaki nacho cha kumpa mtoto wake kilikuwa kile. Kulwa aliniangalia mara ya kwanza tulipoyaona, akaweka kidole mdomoni. Tulinyamaza wote wawili. Ungemwambia nini yule mwanamke na kisahani chake?

Baba Kulwa alipozidiwa, Shija alipelekwa kwa jirani, mama mmoja wa Kimoraviani aliyekuwa na wajukuu wa kucheza nao, akaambiwa baba amepelekwa hospitali. Watoto wakati ule waliambiwa hivyo. Baba Kulwa alikufa nyuma ya pazia lake saa za asubuhi, Mama Kulwa akiwa amemshika mguu, Kulwa ameshika kichwa, mimi nimesimama na uji unapoa. Alikuwa anautazama ukuta. Hakusema neno la kukumbukwa.

Dada yake alikuja kutoka Tura na wanawake wengine wa ukoo. Kwa wanawake wa upande ule msiba hauvunjwi mpaka ukuta wa marehemu umesiribwa upya. Marehemu akirudi akaukuta ukuta anaoujua, walisema, atakaa. Akiukuta mpya ataelewa kwamba kwake si hapa tena. Na mkono wa kwanza lazima uwe wa mjane. Udongo ulikwishakandwa uani. Shangazi aliingia nyuma ya pazia kuona kazi ilivyo, kisha tukamsikia.

"Haya kachora nani?"

"Mimi," Mama Kulwa akasema. "Ni kwenu. Kwa mama yenu, Tura. Nilikuwa nataka niwaombe, wifi. Ukuta huu mmoja uachwe."

"Kwetu?" Shangazi alikuwa hana ubaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa ameshangaa tu. "Kwetu hakukuwa na vyumba vitatu, wifi. Kulikuwa na chumba kimoja na zizi. Tulilala na mbuzi. Kihenge hiki hatukuwa nacho, tulikuwa tunaomba mtama kwa watu."

"Mwenyewe alinielekeza. Kila siku alinielekeza."

"Mwenyewe alikuwa anaumwa."

Mama Kulwa alitoka uani akachota udongo kwa mikono miwili, akarudi, akaupiga kwenye ukuta, pale kwenye kihenge, akausambaza kwa kiganja mpaka mwisho. Wengine wakafuata. Kabla ya jua kuwa kali ukuta ulikuwa umelowa, rangi moja, laini. Pazia Shangazi alilikunja akaondoka nalo, lilikuwa kitambaa kizuri bado. Shija aliporudishwa alikuta chumba kikubwa, hakina pazia, hakina kitanda, akakimbia humo mwisho mpaka mwisho akifurahia nafasi. Aliuliza baba yuko wapi, akaambiwa alifia hospitali, na jibu hilo likakua naye. Mama Kulwa hakupaka tena udongo wa rangi maisha yake yote, wala hatukumsikia akiitaja Tura. Mwaka ule niliumaliza, nikapata cheti changu, nikaondoka.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kuchora kwa kuuza, niliuchora mwaka ule kama ulivyokuwa, pazia katikati. Kulwa alikuwa amekuja Morogoro kunitembelea. Aliitazama picha ile kwa muda mfupi, akaishika akaigeuza uso ukutani. "Litoe," akasema.

"Lilikuwepo, Kulwa."

"Najua lilikuwepo. Wewe unaniambia mimi? Ndiyo maana nakwambia litoe. Nataka siku moja niingie kile chumba nisilikute."

Nililitoa. Nikakichora chumba kuanzia ukuta mpaka ukuta, meza, mafiga, stuli, dirisha, mwanga umejaa mahali pa kitanda, sakafu safi. Picha hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Kampuni moja iliichapa kwenye kalenda ikasambaa nchi nzima. Tangu hapo sikulichora pazia tena, wala hapakuwa na haja. Kila mimi na Kulwa tulipoitazama, tulikuwa tunaliona. Tulijua linapoanzia na linapoishia, tulijua mwanga ule umekaa juu ya nani. Sikuwahi kujiuliza wengine wanaona nini.

Nilifika Isevya waombolezaji wakiwa wameanza kupungua. Nyumba ya Shija ina vigae sakafuni na madirisha ya aluminiamu, ameijenga na marehemu mumewe kwa biashara ya asali, nyumba nzuri, sina la kuisema. Watoto walipanga mstari, shikamoo bibi, shikamoo bibi, marahaba, marahaba. Shija alinikumbatia tukalia, kisha akanipeleka chumba cha Kulwa kwa kuwa nilikiomba. Mlangoni nilisikia harufu ya rangi. Vijana walikuwa wamekwishakipaka, kwa rola, rangi ya maziwa.

"Tusingeweza kungoja, dada. Wanawake wa ukoo walikuwa wanaondoka."

"Ukutani kulikuwa na kitu?"

"Kitu gani?"

"Chochote, Shija."

"Uchafu tu. Siku za mwisho alikuwa anachorachora kwa mkaa, hapo kando ya kitanda. Mkono hauna nguvu. Mistari."

"Mistari ya namna gani?"

Alifikiri kwa wema kabisa, alitaka kunisaidia. "Mistari tu, dada," akasema.

Niliuweka mkono ukutani. Rangi ilikuwa imekauka. Labda ilikuwa nyumba. Labda ulikuwa mkono tu unatafuta kazi. Nilisimama pale nikajiona mjinga na mzee, nikatamani nisingekuja, kwa sababu nikiwa Morogoro ningeweza bado kuamini kwamba kuna kitu kimebaki Tabora.

Sebuleni, juu ya runinga, ilikuwa imetundikwa ile kalenda. Miezi ilikatwa zamani, imebaki picha peke yake, imetiwa fremu ya dhahabu. Shija aliona naitazama akawaita wajukuu wake. "Njooni mmwone aliyeichora. Hii ndiyo nyumba niliyozaliwa. Hapa ndipo nilikuwa nacheza, nakimbia huku mpaka huku, chumba kikubwa! Mama anapika hapa, jua linaingia hapa." Akaonyesha kopo la dirishani. "Mama alikuwa anapenda sana maua."

"Na baba yako?" nikauliza.

"Baba simkumbuki hata sura, dada. Alifanya kazi Urambo, akafia hospitali. Kulwa alikuwa hapendi kumwongelea."

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia baba yake hakufia hospitali, alifia katika chumba kile, palepale penye mwanga, na alikaa humo karibu mwaka mzima, nyuma ya pazia. Nilimwambia kuhusu ukuta na nyumba ya Tura. Shija alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande kama anavyosikilizwa mgonjwa, kisha akanyanyua macho akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Dada Vero," akasema kwa upole, "pazia liko wapi?"

"Nililitoa. Kulwa alitaka nilitoe."

"Kulwa." Akanishika bega. "Umechoka, dada. Safari ya treni siku hizi si ya watu wa umri wetu. Hebu ule kwanza."

Chakula kililetwa, wali na maharage, na kwa kuwa mimi ni mgeni wa mbali, kando ya sahani yangu waliweka yai la kuchemsha. Shija aliliona, akalisukuma kwa kidole upande wangu zaidi, mbali naye. Nami nikashika lile yai nikafanya jaribio langu la mwisho. Nilimwambia kwamba baba yake alikuwa anapewa mayai, kwamba yalikuwa ya mgonjwa na nyumba nzima hakuna mwingine aliyeyala, na kwamba yeye alikuwa anatambaa chini ya pazia, na baba yake anammenyea na kumlisha kwa mkono wake mpaka linakwisha, kila yai, huku mwenyewe anakufa. Nilimwambia, "Shija, ulipendwa na yule mtu. Mimi niliona."

Alianza kutabasamu kabla sijamaliza. "Mimi?" akasema. "Mayai? Dada, muulize yeyote humu ndani. Mimi tangu nipate akili sijawahi kuweka yai mdomoni."

"Kwa nini, bibi?" mtoto mmoja akauliza.

"Sijui hata! Basi tu. Nikisikia harufu ya yai la kuchemsha, hata kama nilikuwa na furaha zangu, nasikia kulia. Machozi yanatoka kabisa. Babu yenu alikuwa ananicheka kwa hilo mpaka anafariki."

Watoto walicheka, na wale wanawake wa msibani waliokuwa mkekani wakacheka pia, wakifurahi kupata la kuchekea. Shija mwenyewe alicheka, huku anafuta macho kwa ncha ya khanga, maana yai lilikuwa bado liko mkononi mwangu, karibu naye. Na mimi, kwa mazoea ya miaka yote, nikageuza uso haraka kumtafuta Kulwa.